Nyar Sultan: Dem wa Zanzibar Aliyeandika Barua za Mapinduzi Akiwa na Miaka 15

Kama uko Isebania saa hii, hebu cheki ule mpaka. Upande huu ni Kenya, upande ule ni Sirare, Tanzania. Wakuria wako pande zote mbili, Wajaluo pia, na mama anayeuza nguo anavuka asubuhi, anarudi jioni kama mtu aliyetoka tu kwa jirani. Huo mstari unaanzia Bahari ya Hindi, unapiga kona kuzunguka Kilimanjaro, halafu unanyooka hadi unazama ziwani karibu na Muhuru Bay, hapo Migori. Waingereza na Wajerumani waliukubaliana mwaka wa 1886, na hakuna mtu wa huku ziwani aliyeulizwa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, meli za kivita za Ujerumani zilisimama mbele ya Zanzibar kumbana Sultani. Kwenye msafara huo kulikuwa na mwanamke wa miaka 40, mjane, na watoto wake. Alikuwa dadake Sultani, na alikuwa hajakanyaga nyumbani kwa miaka 19. Wajerumani walimbeba kama mtu anavyobeba karata ya mwisho mfukoni.

Jina lake ni Sayyida Salme binti Said. Majuu walimjua kama Emily Ruete. Sisi huku tungemwita Nyar Sultan na mambo yangeisha.

Wengi wakisikia jina lake wanakumbuka tu ile stori ya mapenzi, vile binti wa Sultani alihepa na Mjerumani. Iko, na tutafika. Lakini kuna kitu kali zaidi ambacho watu wanaruka. Kabla ya huyo Mjerumani, Salme alikuwa katibu wa njama ya kumpindua Sultani, na alikuwa na miaka 15 tu. Hiyo kalamu ndiyo iliyomwingiza kwenye siasa, na ukifuata ilikompeleka utaona kitu ambacho kina mama wa Homa Bay na Migori wanakijua vizuri sana.

Boma la watoto 36

Kwanza tuwekane kwa rada. Baba yake, Seyyid Said, alikuwa wa ukoo wa Al Busaid wa Oman. Alitawala Muscat na Zanzibar kwa pamoja, na mwaka wa 1837 akawashinda Wamazrui na kuitwaa Mombasa. Dola yake ilikuwa ya Kiislamu na ilikuwa ya biashara: karafuu, pembe za ndovu na watumwa. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilitoka pwani ikapenya bara, na baadaye ikawa inatia nanga hata kwa Nabongo Mumia, pale Mumias. Kwa hivyo usidhani hii ni stori ya mbali.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 kwenye jumba la Bet il Mtoni, nje kidogo ya mji wa Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi, watu wa milima ya Kaukazi. Alinyakuliwa vitani akiwa mtoto mdogo, akauzwa, akaishia kwa Sultani kama suria. Ndiyo, mama wa binti wa Sultani alikuwa mtumwa. Lakini kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni huru kabisa, na ana haki sawa na mtoto wa mke wa nikahi. Ndiyo maana watoto wengi wa Seyyid Said walizaliwa na masuria, na bado wakawa masultani na mabinti wa ikulu.

Alipokufa aliacha watoto 36. Boma lilikuwa na mikayi wake pia, Azze binti Seif, mwanamke wa kimo kifupi kutoka ukoo wa kifalme wa Oman. Hakuwa na mtoto hata mmoja, lakini ndani ya Bet il Mtoni yeye ndiye alikuwa sheria. Watoto walimwogopa, masuria walimwogopa, na inasemekana hata Sultani mwenyewe alikuwa anachunga ulimi mbele yake.

Sasa hapa ndipo watu huchanganya mambo. Unaweza kudhani wanawake wa dola kama hiyo walikuwa wamefungiwa tu, hawana lao. Si hivyo. Mwanamke Mwislamu alirithi, ingawa binti alipata nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Mali yake ilibaki yake hata akiolewa, na angeweza kwenda kwa kadhi kudai haki. Uingereza yenyewe, mke hakupata haki kamili ya mali yake hadi sheria ya 1882. Kwa hivyo wakati mwanamke wa London hakuwa na uhakika na shamba lake mwenyewe, kuna mabibi wa Zanzibar waliokuwa na mashamba ya karafuu kwa majina yao.

Kilichokosekana ni baraza. Pale Sultani alipokaa na wakubwa kuamua vita, ushuru na nani atawale, wanawake hawakukaribishwa. Ilikuwa kama duol ya mzee wa boma. Mama anaweza kuwa na ng'ombe na ghala limejaa, lakini maneno mazito yanaamuliwa pale kwa wanaume, yeye akisikia kwa mbali.

Hata hivyo kuna mmoja aliyewahi kuingia na kuketi. Bibi Moza binti Ahmad, shangazi wa Seyyid Said. Mwanzoni mwa karne ya 19, Said alipokuwa bado mdogo, Moza alishika hatamu kule Muscat. Salme alikua akisikia stori zake: vile adui walipouzingira mji, Bibi Moza alivaa nguo za kiume usiku na kuzunguka akikagua walinzi, vile risasi zilipoisha aliagiza misumari, mawe na mwisho hata fedha za hazina ziyeyushwe, zigeuzwe risasi. Msichana aliyelishwa hadithi kama hizo, usitegemee akae kimya.

Mfupa wa ngamia

Wasichana wa ikulu walifundishwa kusoma Qurani. Kuandika? Hapana. Kuandika kulikuwa kwa wavulana, na sababu haikufichwa: msichana akijua kuandika, nani atajua anamwandikia nani?

Salme hakukubali. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ule mpana kama kibao, akaanza kunakili herufi za Qurani moja moja, kisirisiri. Hakuwa na mwalimu, alinakili tu, anafuta, anaanza tena. Habari ilipovuja alisemwa vibaya sana, lakini tayari mkono ulikuwa umezoea. Zaidi ya hiyo alipanda farasi na kutumia silaha, mambo aliyofundishwa na kaka yake Majid, ambaye aliishi naye kwa muda pamoja na mama yake.

Kumbuka hilo jina, Majid. Kumbuka pia kwamba alimpenda Salme na kumlea vizuri, kwa sababu kinachofuata kinauma.

Oktoba 1856, Seyyid Said alikufa baharini akirudi kutoka Oman. Dola ikagawanyika kama urithi wa boma lolote lenye wake wengi. Thuwaini akabaki na Oman, Majid akachukua Zanzibar. Salme, akiwa na miaka 12, alitangazwa mtu mzima na kupewa fungu lake, shamba na chapaa. Miaka mitatu baadaye, kipindupindu kikamchukua mama yake. Sasa alikuwa na mali, alikuwa na kalamu, na hakuwa na mtu wa kumwambia ngoja kwanza.

Katibu wa mapinduzi

Kulikuwa na kaka mwingine, Barghash. Huyu alikuwa moto. Aliona Majid ni mgonjwa na mpole mno, na alitaka kiti. Dada yake Khole, ambaye Salme alimpenda kuliko mtu yeyote pale ikulu, alikuwa upande wa Barghash. Salme alijikuta katikati: kaka aliyemlea huku, dada anayempenda kule. Alivutwavutwa, mwisho akaenda na Khole.

Wakati njama inapikwa, mbogi ya Barghash ilihitaji mtu wa kuandika. Masheikh walihitaji kuandikiwa barua, bunduki na baruti ziagizwe, ahadi ziwekwe kwenye karatasi. Barua za aina hiyo huwezi kumpa karani wa nje, atakuuza. Na kwa wanawake waliokuwa ndani ya njama, aliyejua kuandika vizuri alikuwa yule msichana wa mfupa wa ngamia. Salme akawa katibu mkuu. Miaka 15. Aliandika usiku, barua juu ya barua, akijua kwamba baadhi ya maneno yale yataleta risasi kwa watu anaowajua, pengine hata kwa Majid.

Hakuwa peke yake. Khole alikuwa ndani, Meje dadake Barghash wa tumbo moja alikuwa ndani, na pia mabinti wawili wa marehemu kaka yao Khalid, Shembua na Farshu, waliokuwa na mali ya maana. Ukihesabu pesa, siri na makaratasi, hiyo njama ilisimama kwa mgongo wa kina dada. Jina lake lakini lilikuwa la Barghash.

Majid alinusa. Askari wakaizunguka nyumba ya Barghash, chakula na maji vikakatwa ili ajisalimishe. Hapo ndipo kina dada walifanya kitu ambacho ungekiona kwenye filamu ungesema wameongeza chumvi. Usiku walitoka na kundi la wanawake, wamejifunika gubigubi, wakaenda moja kwa moja hadi kwa askari. Khole aliongea na wakubwa wa walinzi uso kwa uso, jambo ambalo binti wa Sultani hafanyi na mwanamume wa nje. Wale askari walishtuka hadi wakawapisha. Ndani, Barghash alivishwa nguo za kike. Alikataa kwanza, ego ya kiume, lakini njaa na kiu ni walimu. Akafunikwa, akabaki macho tu, na mdogo wake Abdul Aziz akafunikwa pia. Kundi likatoka polepole, likawapita walinzi kwa heshima zote, na lilipofika nje ya mji likaanza kukimbia kuvuka mashamba hadi miguu ikachubuka.

Barghash alijichimbia kwenye shamba lililoitwa Marseilles. Majid akaja na jeshi pamoja na msaada wa Waingereza, na baada ya mapigano makali ngome ikaanguka. Barghash akarudi kujificha kwake mjini, na meli ya Kiingereza ikaanza kuipiga mizinga nyumba ile. Khole akakimbilia ubalozi wa Uingereza kuomba moto usimame. Barghash akajisalimisha na kutupwa Bombay, miaka miwili.

Sasa tazama hesabu ilivyofungwa. Barghash alienda uhamishoni akarudi, na mwaka wa 1870 akawa Sultani. Majid hakuwaadhibu dada zake, lakini mji uliwageuzia mgongo. Watu wa Salme waliotumwa kupigana, wengi wao watumwa ambao hawakuulizwa kama wanataka, walikuwa wamekufa. Marafiki walihepa. Salme akahamia shambani, Kizimbani, baadaye Bububu, kula upweke.

Halafu Majid akamwomba amwachie nyumba ya Bububu kwa ajili ya balozi wa Kiingereza. Salme, akikumbuka jinsi alivyomkosea, akakubali. Barghash na Khole waliposikia wakachukulia ni usaliti. Wakamruka. Huyo Khole ambaye Salme alitupa kila kitu kwa ajili yake, akamruka kabisa. Yaani aliandika barua za upande mmoja, akafanya wema kwa upande mwingine, na mwisho akaachwa kwa mataa na pande zote mbili.

Mjerumani wa nyumba jirani

Aliporudi mjini alipata nyumba karibu na mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg, Heinrich Ruete. Nyumba za Mji Mkongwe zimebanana, dari kwa dari. Wakaanza kusalimiana, wakaendelea, na mwaka wa 1866 Salme akawa mjamzito.

Hiyo haikuwa drama ya udaku tu. Kwa binti wa Sultani, mimba ya nje ya ndoa, tena ya Mkristo, ilikuwa hatari ya maisha. Usiku wa Agosti mwaka huo, alipanda meli ya Kiingereza, Highflyer, akapelekwa Aden. Akajifungua mtoto wa kiume huko Desemba. Ruete alipofika mwaka uliofuata, tarehe 30 Mei 1867, Salme akabatizwa, akapewa jina la Emily, na siku hiyohiyo wakafunga ndoa na kupanda meli ya Ulaya. Mtoto wao hakufika Hamburg. Alifia njiani.

Hamburg walipata watoto watatu, Antonie, Rudolph na Rosalie. Agosti 1870, Heinrich akiteremka kutoka kwa tramu alianguka, akaumia, na siku chache baadaye akafa. Salme alibaki na watoto watatu, mkubwa hajafika hata miaka mitatu, kwenye mji wa baridi, na lugha ambayo alikuwa bado anaishika kwa shida. Kule Zanzibar, kwa kubadilisha dini, alikuwa amepoteza haki ya kurithi ndugu zake. Alihama mji hadi mji akitafuta maisha nafuu, akifundisha Kiarabu na Kiswahili apate riziki. Binti wa Sultani akawa tichá wa kulipwa kwa saa.

Barua ya watu wengine, tena

Mwaka wa 1875 Barghash, sasa Sultani, alizuru London. Salme akapanga kumwona, amwangukie miguuni, amwombe haki yake. Waingereza hawakutaka sarakasi, maana walikuwa wanamhitaji Barghash. Sir Bartle Frere akamwambia aachane na mpango huo, na badala yake watoto wake watasaidiwa. Akakubali, akarudi Ujerumani. Ule msaada haukuja.

Miaka kumi baadaye ikawa zamu ya Wajerumani. Carl Peters alikuwa ametia mikataba ya bara, Barghash akalalamika kwamba hiyo ni ardhi yake, na Bismarck akatuma meli za kivita. Salme na watoto wake wakapandishwa meli iliyoitwa Adler. Hesabu ilikuwa rahisi: huyu ni raia wa Ujerumani mwenye dai dhidi ya Sultani, na akiguswa, tuna sababu ya kufyatua mizinga.

Agosti 1885, Salme akaiona tena Zanzibar. Alipotembea mitaani watu walimfuata, wakamsalimia kwa Kiswahili na Kiarabu, wakamwita Bibi. Barghash hakutaka hata kuonana naye. Yule kaka aliyewahi kutembea usiku kwa nguo za kike nyuma ya Salme ili aokoke, alijifanya hana dada. Na mara tu Barghash aliposalimu amri kuhusu bara, Wajerumani walikuwa wamepata walichotaka. Dai la Salme likawekwa kando. Mwaka wa 1886 mstari ukachorwa, ule uliofika hadi kwako Muhuru Bay. Hakuuchora yeye, na asingeweza kuuzuia. Lakini alibebwa kwenye msukumo ulioishia pale, na hakupata hata shilingi. Alijaribu tena 1888, Barghash akiwa amekufa na kaka mwingine, Khalifa, yuko kitini. Patupu.

Unaona vile inaenda? Barghash alihitaji mkono wake, akautumia. Waingereza walihitaji kimya chake, wakakinunua kwa ahadi hewa. Wajerumani walihitaji damu yake ya kifalme, wakaisafirisha. Kila mara yeye yuko ndani ya siasa kubwa, na kila mara jina la chini ya karatasi ni la mtu mwingine.

Kitabu kimoja, jina lake

Kuna karatasi moja iliyobaki na jina lake. Mwaka huohuo wa 1886, Berlin, alichapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani, na ndani ya miaka miwili zikatoka kwa Kiingereza. Ni kati ya tawasifu za kwanza kabisa kuchapishwa na mwanamke Mwarabu. Humo alieleza ikulu kutoka ndani: chakula, magonjwa, ugomvi wa dada, elimu ya watoto, na nafasi ya mwanamke Mwislamu, akiwajibu Wazungu waliodhani wanajua kila kitu. Mambo mengi niliyokusimulia hapa, kuanzia mfupa wa ngamia hadi usiku wa kumtorosha Barghash, tunayajua kwa sababu aliyaandika mwenyewe. Barua alizomwandikia Barghash zilimletea hasara. Kitabu alichojiandikia ndicho kilichomfanya uwe unasoma habari zake leo.

Lakini usimfanye malaika. Kwenye kitabu hichohicho alitetea utumwa. Yeye, mtoto wa mama aliyenyakuliwa na kuuzwa, aliandika kwamba Wazungu wanakurupuka kuukomesha. Soko la watumwa Zanzibar lilifungwa 1873, utumwa wenyewe ukaondolewa kwa amri 1897, na masuria wakaachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Watu waliombebea Salme maji, waliolima karafuu zake, na waliokufa Marseilles kwa njama aliyoiandika, hawakuacha kitabu. Mwaka wa 2019 Hamburg ilikipa kiwanja kimoja jina lake, na mwaka uliofuata ikaamuliwa jina liondolewe kwa sababu hiyo. Hapo walikuwa na pointi.

Miaka yake ya baadaye aliishi sana Beirut, akarudi Ujerumani 1914. Alikufa Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na miaka 79. Alizikwa Hamburg kando ya mumewe, na inasimuliwa kwamba alizikwa na mchanga kidogo wa Zanzibar aliokuwa ameuhifadhi miaka yote hiyo.

Sasa turudi huku ziwani

Ungedhani mambo ya katibu yaliisha na Salme. Hebu tembea Kendu Bay, Sindo, Karungu au Rongo. Angalia chama, kamati ya soko, kamati ya shule, mbogi ya kampeni. Mwenyekiti ni mzee fulani. Anayeandika daftari, anayejua nani amelipa na nani ana deni, anayepanga mama zetu wavae leso za rangi moja mwanasiasa akija, ni mwanamke. Siku ya ushindi picha inapigwa na yeye yuko nyuma anahesabu viti.

Kuna waliokataa kubaki hapo. Phoebe Asiyo aliongoza Maendeleo ya Wanawake kabla ya uhuru, akachaguliwa mbunge wa Karachuonyo 1979, na mwaka wa 1997 akapeleka Bungeni hoja ya kuwatengea wanawake nafasi. Waliiangusha. Lakini Katiba ya 2010 ilikuja na viti 47 vya wawakilishi wa kike na sharti kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili, sharti ambalo Bunge lenyewe limeshindwa kulitimiza hadi leo. Gladys Wanga aliingia kwa kiti hicho 2013, na 2022 akachaguliwa gavana wa Homa Bay, mmoja wa magavana saba wa kike nchi nzima. Mwaka huohuo Migori ikamchagua Fatuma Mohammed, mwanamke Mwislamu, kuwa mwakilishi wa kike, tena kama mgombea huru, bila tikiti ya chama. Unajua vile ni ngumu kushinda huku bila chama. Hakuwa anaandika barua za mtu.

Salme hakupata kura wala uchaguzi. Alipata mfupa wa ngamia, akajifundisha, na walioona kipaji chake wakakiweka kazini kwao. Ilimchukua hadi miaka 41 kuandika kitu kwa jina lake mwenyewe.

Kwa hivyo ukifika kwa mkutano wa chama wiki hii, cheki nani ameshika kalamu. Halafu cheki jina la nani liko juu ya ile karatasi. Na kama aliyeshika kalamu ni wewe, mwaka ujao kuna uchaguzi wa chama. Unangoja nani akuandikie jina?